Fasi ya Pili mu Bwato

Kwako Donatien, mutoto yangu,

Miye niko muzima, mama yako iko muzima, na kuku yetu yote iko muzima, isipokuwa ile moya tulichinja juu ya safari yako. Mwenye anashika kalamu ni jirani yetu Albert, karani wa biro. Unayua, kalamu na miye hatusalimianaka. Nilimuambia aandike maneno namna inatoka mu kinywa yangu, asiipige pasi.

Utasema, baba, tunalala mu nyumba moya, barua ni ya nini? Ni juu mu nyumba, kila mara nikianza habari ya samaki, weye unasema "baba ameanza", na mama yako anakimbia mbele yangu anamaliza habari yenyewe, tena anaimaliza mubaya, samaki inakuwa kadogo. Barua haikatiwake maneno. Sasa umeenda kwa baba na mama ya bibi yako Odile kula bukari ya kuagana, njo nimepata fasi ya kusema mupaka mwisho. Usome hii mbele kamio ya kesho, ile mutuka ya samaki, haiyapita.

Habari ya kulala mu moskiteri, mu chandarua, habari ya kuchemsha mai, miye sina yabo. Mama yako amesha kukuambia mupaka ukuta imeyua. Miye minataka kuongea juu ya ile samaki ya manda. Na juu ya Odile. Unaenda Kasenga kuloba samaki ku muto Luapula, na bibi yako unamuacha hapa Élisabethville kwetu, unasema "mupaka nione kwanza vile iko." Minasikia. Uko muntu mukubwa, ulifunga ndoa mbele ya padiri, siwezi kukukataza. Lakini kwangu habari ya manda na habari ya Odile iko habari moya. Vumilia kwanza, tuanze na samaki.

Manda, bantu ya hapa ku camp ya kampani banaiyuaka mu sufuria tu, banasema iko na mifupa mingi. Haba hawaiyue. Mu mai manda iko na mistari nyeusi ku mbavu kama muntu amevaa tricot, mukia yake nyekundu, na meno inakaa inje hata kinywa imefungwa. Haisongee ndobo, ile ndoano yenye nyungunyungu, kama samaki ya batoto. Inataka kintu yenye kukimbia. Kintu ikisimama, manda inaiangalia na inaenda zake. Ikimbie, inaikamata. Shika ile neno, tutairudilia.

Miye niliyua hii kazi wakati ya krizi. Kampani ya mukuba, ya shaba, ilifunga mashini mingi, ikatuambia kila muntu arudie kwao. Benzangu balipanda treni. Miye nilisema, nirudie kwetu na mikono tupu, bashangazi banicheke? Nikamata mama yako, tulikuwa tumefunga ndoa juzijuzi, tukaenda Kasenga. Kule kulikuwa Mugiriki moya, mwenye kuuza samaki, alikuwa na bwato ya mashini. Siku ya Mungu, kisha misa, alikuwa anatembea mu muto pole pole, kamba iko nyuma, ku mwisho ya kamba kakijiko ya kungaa ya Bulaya. Bavuvi ya pale na nyavu yabo balikuwa banamucheka, banasema muzungu ametupa kijiko yake mu mai na anashindwa kuivuta. Miye sikucheka. Nilikaa pa mabui, pembeni ya muto, naangalia. Kijiko yake ilikuwa inayumba, inangaa, inazima. Na manda yenye alitosha mu mai, Albert, andika hii: ilikuwa urefu ya velo, baiskeli nzima.

Albert anauliza velo ya mutoto ao ya mukubwa. Andika velo.

Kijiko ya Bulaya sikuweza kuipata. Lakini muntu mwenye amefanya kazi mu mukuba, atalilia kijiko? Nilikuwa na kipande ya mukuba nilitoka nayo huku. Nikaipiga nyundo juu ya jiwe mupaka ikawa nyembamba, nikaikata namna ya jani ya muti, nikafunga ndobo ku mukia yake, nikaipinda. Hapa angalia muzuri, juu kupinda njo kazi yote. Ukipinda sana, inazunguka kama mulevi na kamba inajikunja. Usipoipinda, inakuya moya kwa moya kama muntu wa biro anaenda ku kazi. Inapashwa iyumbe, ianguke kidogo, iamuke, kama kasamaki yenye kuumwa. Uisugue na majivu na ndimu. Siku ya mawingu uiache ingae sana. Siku ya yuba kali uiache na weusi kidogo, juu manda haiko mupumbafu, hakuna kasamaki yenye kungaa kama taa ya mutuka.

Mbele ya kijiko, usifunge kamba tupu. Meno ya manda inakata kamba vile mukasi inakata uzi. Kamata kabulu ya frein ya velo, ile waya yenye kuisimamisha, uifungue, utoshe kauzi kamoya ka chuma, ufunge ile. Na kamba uiachie kule nyuma urefu kama toka mulango yetu mupaka ku bomba ya mai. Karibu zaidi, samaki inaona bwato. Mbali zaidi, hausikie kama imekula ao ni majani.

Na usiende katikati ya muto kama mushefu. Katikati mai iko na haraka, samaki haipendi kuchoka bure. Tafuta fasi mai yenye kukimbia inagusana na mai yenye kulala: nyuma ya muchanga, pa kona, pembeni ya matete. Utaona mustari mu mai kama mushono ya nguo. Pitisha kijiko pale, upite, ugeuke, upite tena. Ukipanda muto, pole pole. Ukishuka, upige kafi, ile kasia, kupita mbio ya mai yenyewe, ao kijiko itakufwa na italala chini.

Sasa njo tunafika pa maneno. Nani anapiga kafi?

Bwato yetu siye haikuwa na mashini. Ilikuwa bwato ya muti, nyembamba, ukikohoa inageuka. Mwenye kushika kamba anakaa nyuma, mwenye kafi anakaa mbele. Bantu banazania mwenye kamba njo muloba samaki. Miye pia nilikuwa nazania. Nilikuwa najisifu pa soko, nanyosha mukono wangu, nasema angalieni mukono huu. Lakini kijiko inayumba ao haiyumbe juu ya kafi. Kafi ikichoka, kijiko inazama. Kafi ikiwa na hasira, kijiko inaruka yulu ya mai. Mukono ya nyuma inangoya tu. Hii sikuisema pa soko hata siku moya, na Albert, usiisome na sauti, mama Donatien iko karibu pale, anatwanga majani ya sombe.

Mwanzo nilikuwa na rafiki, Kapasu, muntu ya kucheka mingi, mabega kama mulango. Yeye alikuwa anapiga kafi. Kisha krizi ikapungua kidogo, Kapasu akasikia kazi iko ku Rhodesia, akaenda. Nikabaki peke yangu na bwato na kamba. Unafanya nini? Mikono mbili iko ku kafi. Nikaona akili kubwa sana: nikafunga kamba ku kidole kikubwa ya muguu.

Usicheke. Mara ya kwanza ilifanya kazi. Kasamaki kadogo kakavuta, nikasikia ku kidole, nikaweka kafi, nikakavuta. Nilirudia ku nyumba kama gavana. Nikamuambia mama yako, Kapasu alikuwa ananilia samaki bure, kidole yangu inafanya kazi yake na haikulake bukari. Kesho yake manda yenyewe ikakuya. Minasema yenyewe. Muguu yangu iliruka inje ya bwato mbele miye siyaelewa, kisha miye nikafuata muguu, kisha bwato ikatufuata siye bote. Nilinyuwa mai ya Luapula mupaka leo minasikia butamu yake. Kama kauzi ka chuma hakangekatika, ungekuwa mutoto ya muntu mwengine, na mwenye sura muzuri kidogo. Bavuvi balinitosha na mulonjo, muti murefu, kama nguo imeanguka mu kisima. Ile kidole haikunyooka tena; njo maana viatu vyangu vya muguu wa kuume inakatwaka mbele.

Nilifika ku nyumba, mai inatiririka ku nguo. Mama yako hakuuliza samaki iko wapi. Aliangalia kidole, akaifunga na kitambaa. Asubui yake, nikitoka, namukuta amekaa mu bwato. Mbele. Kafi iko mu mikono.

Sasa unapashwa kuyua desturi ya pale. Muanamuke hakanyake bwato ya kuloba. Bwana akienda ku mai, bibi anakaa mu nyumba, hafagie, hagombane na muntu, hatoke kusalimia, mupaka bwana arudie. Akitoka, samaki inakimbia na mai inakasirika. Na kama bwana anakosa samaki, bantu banauliza bibi yake alifanya nini. Miye niliamini. Mama yako pia aliamini, alikaa mu nyumba siku yote nilifunga kamba ku kidole, hakufagia hata jani. Na angalia vile nilirudia.

Nikamuambia ashuke. Nikamuambia bantu banaangalia. Na balikuwa banaangalia kweli, mabui ilikuwa imeyala.

Alisema, "Nikikaa mu nyumba, njaa inakaa na miye. Panda."

Nikapanda. Ungefanya nini? Alikuwa na kafi.

Kusukuma bwato tulicheka sana, yaani bo njo balicheka. Muzee moya, mwenye nyavu kubwa, aliniuliza kama kesho nitaleta pia kitanda mu bwato. Miye, mwenye kinywa, nikainamia kamba yangu. Mama yako akamujibia bila kugeuka: kitanda italetwa, muzee, tutakausha samaki yulu yake. Yule muzee akacheka yeye mwenyewe. Toka siku ile akawa anatuonyesha fasi ya muchanga mupya.

Usizanie ilikuwa muzuri mara moya. Mikono yake ilitoka malengelenge, ikapasuka, akafunga vitambaa. Alikuwa analia mangaribi, anasema ni moshi. Kisha homa ikamukamata, nikamulaza mu bwato, nikapiga kafi miye peke yangu mupaka kwa masela, bamasista ya misioni, natukana mai, naomba Mungu, nachanganya. Akipona nikamuambia, uende kwenu, ungoye kule, nitakuita nikiwa na nyumba ya matofali. Neno yako ile ile, Donatien. Miye niliisema mbele weye hauyazaliwa, na sura ya huruma kupita yako. Akaniuliza nani atapiga kafi. Hakuenda.

Na sasa sikia kosa yangu kubwa mu hii kazi, kupita ile ya kidole. Manda ikikamata kijiko, kamba inachoma mukono, moyo inaruka, na kinywa inasema yenyewe: "Simama!" Kila muntu anasema bile. Unaona kama samaki ni yako na unataka dunia yote isimame juu uishike muzuri. Na mama yako alikuwa bibi ya heshima, namuambia simama, anasimama. Na bwato ikisimama, kamba inalegea. Na kamba ikilegea kidogo tu, manda inaruka inje ya mai, inafungua kinywa, inatikisa kichwa kama muntu anakataa, kijiko inaruka kule. Samaki imeenda. Tulikosa mingi bile. Miye nasema ni ndobo mubaya. Nasema ni yuba. Siku moya nilisema ni juu ya kitambaa yake ya kichwa, rangi ilikuwa kali.

Siku moya, pa kona yenye matete, manda inapiga. Nikasema simama. Mama yako anapiga kafi. Nikasema simama tena, na Kiswahili, na luga ya kwetu, na ile Kifaransa kidogo ya kapita, musimamizi ya kazi. Mugongo yake ilikuwa inaenda na inarudia, inaenda na inarudia, kama muntu anatwanga. Kamba ikabaki imenyooka kama waya ya telefone. Manda iliruka, ikakuta kamba bado inaivuta, ikaruka tena, ikatikisa kichwa, hakuna. Tukaikokota pole pole mupaka pa muchanga, ikalala pembeni kama mulevi ya siku ya mushahara. Nikaitosha. Nikamuuliza, na hasira yangu yote ya mwanaume, juu ya nini hakusimama.

"Ulisema kitu?" aliniuliza. "Masikio yangu ilikuwa na mai."

Toka pale hatukukosa tena bile. Tukakausha samaki, tukauza mubichi kwa Mugiriki, na kampani ilipotuita tena tulirudia huku tumevaa viatu bote babili.

Nimesema mingi. Albert anageuza kalamu, ile ni alama. Sasa Odile.

Unayua desturi yetu, muko, bibi ya mutoto, na baba ya bwana yake habaangaliane mu macho, habaongee uso kwa uso. Odile anaifuata muzuri, tangu aliingia mu nyumba hii minayua sauti yake kupita sura yake. Juzi nilikuwa nimekaa inje, nyuma ya ukuta ya jikoni, nashona kiatu. Yeye alikuwa mu jikoni na mama yako. Aliyua niko pale, juu nilikohoa, na miye ninakohoaka kwa nguvu. Na akaongeza sauti kidogo, akamuambia mama yako:

"Mama, minauliza tu. Ku Kasenga kuko kazi gani yenye mikono yangu itashindwa?"

Mama yako hakujibia. Ule muanamuke mwenye kumaliza habari yangu yote, ile siku aliendelea kutwanga. Miye pia sikujibia, desturi inakataza. Lakini Donatien, ile swali haikuwa ya mama yako, na haikuwa yangu. Ilipita mu ukuta inakutafuta weye.

Minayua kintu unaogopa. Ni mutoto ya muji, alizaliwa karibu na shimini ya moshi ya kampani, aliyua kushona kwa masela, samaki anaiona mu beseni ya soko tu. Unaogopa homa. Unaogopa binywa ya bantu ya mabui, na iko na binywa kweli, balinichekea miye. Unaogopa akuone unashindwa. Hii ya mwisho haukuisema kwa muntu, lakini miye niko baba yako, na nilishindwa mbele ya bibi yangu na kidole kimefungwa ku kamba. Nakuambia haiuwe. Anakufunga kitambaa, na asubui yake unamukuta amekaa mbele.

Utapata muntu ya kupiga kafi kule, sikatae. Kapasu beko mingi. Ni bantu bazuri, banacheka, beko na mabega. Kisha banasikia kazi fasi ingine. Na weye utakuwa nyuma ya bwato, kamba mu mukono, unangoya habari ya ku Élisabethville, na yeye huku anangoya habari ya ku Kasenga, kila muntu amesimama. Kamba iko katikati imelegea. Sitasema zaidi. Manda utaiona weye mwenyewe.

Odile sikumuambia kitu, na mama yako anaapa hakumuambia kitu, lakini tangu asubui minaona nguo zake zote zimefuliwa na zimekauka. Labda ni siku ya kufua. Shofere wa kamio ya samaki anapita pa kona ya soko mbele yuba haiyatoka. Anarudia bila mizigo, ataweka barafu tu. Aliniuliza muntu ngapi. Nilimuambia sijue, ni mutoto yangu njo anayua.

Kesho nitakuwa pale pa kona na koti yangu. Nikiona muntu moya anapanda, nitakupatia mukono, nitasema kwenda muzuri, na nitarudia ku nyumba, na Odile tutamuchunga hapa kama mutoto yetu, usihangaike juu ya ile. Nikiona babili, nitapanda pia pa kikanyagio ya kamio, na nitakuambia namna ya kupinda kijiko tangu mwanzo, mupaka shofere anifukuze.

Ni miye baba yako,
mwenye anakupenda kupita vile anasemaka.